Mrushaji wa Kushoto wa Kitengela

Habari ya kifo chake niliipata kwa kinyozi, hapo Kitengela mjini, povu likiwa bado shavuni. Kinyozi aliitoa huku akifuta mashine yake, kwa sauti ya mtu anayedhani unajua tayari. "Kwani hujaskia, mzee? Yule wa lori ya maji alituacha jana. Ni mapafu." Nikamuuliza yupi, maana malori ya maji Kitengela ni mengi kuliko mifereji yenye maji. Akasema, yule mrefu, mashoto. Nikausukuma mkono wake kando, nikainuka na kitambaa chake shingoni hadi mlangoni, nikasimama hapo nikitazama barabara ya Namanga bila kuona gari hata moja. Nilihuzunika, na wala sifichi kwamba nilikasirika pia. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kuwa hasira zangu haziko mbali. Kijana aliyefariki akiwa hajagonga hata miaka thelathini hakuwa "yule wa lori ya maji". Alikuwa mtu wa kwanza ninayemjua kutoka mji huu kulipwa mshahara kwa kucheza besiboli, na leo nataka hilo lisemwe kwa kirefu. Jina lake sitalitaja, kama ilivyo desturi ya safu hii, lakini walio Kitengela watamjua kabla sijafika katikati.

Tulikuwa majirani. Mimi nilihamia Kitengela miaka ya tisini, wakati watu wa ofisini tulipoanza kukimbia kodi za Nairobi na kupanga huku penye upepo na vumbi. Yeye aliishi nyumba ya tatu kutoka kwangu na mama yake, mjane kutoka magharibi, mwalimu wa shule ya msingi. Mama huyo alikuwa na sauti ya kunyamazisha darasa zima bila kuipandisha. Nyumbani kwake kulikuwa na sheria nyingi, na iliyotangulia zote ilihusu mikono. Mwanawe alizaliwa mashoto, na mama hakutaka hata kusikia. Mkono wa kushoto hausalimii watu, haupokei chakula, haumpi mtu mzima kitu. Alipokuwa mdogo alifungwa kitambaa kwenye mkono huo wakati wa kula na wakati wa kuandika, mpaka wa kulia ukajifunza. Msione kama ulikuwa ukatili. Wengi wenu mnaosoma hapa mlilelewa hivyo hivyo, na mimi pia nilipigwa kofi la mkono kwa kumpokea nyanya yangu kikombe vibaya. Mama aliamini kwamba mtoto anayewapa watu vitu kwa kushoto ni mtoto ambaye hakufunzwa kwao, na yeye kama mwalimu hangestahimili aibu hiyo.

Kijana alipofika sekondari, shule yao ya kutwa ikaletewa mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, wa hesabu. Alikuwa mwembamba, mpole, na alizungumza Kiswahili cha kitabuni kilichotufanya sisi wenyeji tuonekane wageni. Angekukuta dukani asubuhi akuulize, "Je, umeamkaje, ndugu?" na muuza duka angejibu, "Poa tu, mwalimu, wewe je?" Mwalimu huyo alikuja na mfuko mkubwa wa turubali, na ndani yake mlikuwa na magongo, mipira migumu ya ngozi yenye mshono mwekundu, na glavu. Jioni aliwatoa wanafunzi mpaka uwanda uliokuwa nyuma ya shule akawafundisha mchezo ambao hakuna aliyewahi kuuona. Mmoja anarusha mpira, mwingine aupige kwa gongo, wengine waudake. Siku za kwanza tulikwenda kuangalia kwa ajili ya kucheka. Pundamilia walikuwa bado wanapita hapo wakitoka upande wa mbuga, na mara mbili tatu mchezo ulisimama mpaka wapite.

Kijana wetu hakuwa mzuri. Alirusha kwa mkono wa kulia kama alivyofundishwa kufanya kila kitu, na mpira wake ulikwenda polepole, ukidundadunda njiani. Lakini aliupenda mchezo huo kwa namna iliyonishangaza, akawa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Kisha jioni moja mbuzi wa jirani mmoja Mmaasai wakakurupuka kuelekea barabara kuu, na lori la saruji lilikuwa linakuja kutoka Athi River. Mchungaji alikuwa mbali. Kijana akatupa glavu chini, akaokota jiwe, akalirusha. Likapita juu ya kundi zima na kutua hatua moja mbele ya beberu aliyeongoza, akageuka na wote wakageuka naye. Alilirusha kwa kushoto. Utotoni alikuwa akitoroka likizoni kwenda kuchunga na watoto wa Kimaasai kule uwandani, na mbuzi hawaulizi jiwe limetoka mkono gani. Huko ndiko mkono uliofungwa nyumbani ulikokuwa ukijifunza kazi yake. Mchungaji alipofika akihema alisema tu, "Huyu anaweza kuchunga." Mwalimu yeye alikwenda akaokota mpira, akauweka kwenye kiganja cha kushoto cha kijana, akamwelekeza kwa mdakaji. Ule mpira ulipofika kwenye glavu ulitoa mlio uliotufanya sote tuliokuwa pembeni tuache kucheka.

Kwa wasioujua mchezo huu, mrushaji wa mkono wa kushoto ni mali. Mpira wake unamjia mpigaji kutoka upande ambao hakuuzoea, na timu nyingi humtafuta mtu kama huyo kwa miaka. Mwalimu alinieleza hayo tukiwa njiani kwenda kwa mama, maana aliniomba nimsindikize. Mama alituandalia chai. Mwalimu akaketi wima, akasema kwa upole, "Mama, ninaomba ruhusa yako ili mwanao autumie mkono wake wa kushoto."

"Aufanyie nini?" mama akauliza.

"Arushe mpira. Huenda siku moja ikawa kazi yake."

Mama akanigeukia mimi kana kwamba mimi ndiye niliyesema. "Baba, wewe ni mtu mzima. Umeskia? Huyo mtoto nimekaa naye tangu azaliwe, nikamtoa huo mkono kidogo kidogo. Sasa huyu ananiambia nirudishe? Na kazi gani hiyo ya kurusha mpira? Kazi ni kitu mtu anaamkia."

"Mimi naamkia, mama," kijana akasema kutoka mlangoni. "Kila siku niko uwanjani kabla ya kengele."

Mama alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Halafu akatoa hukumu ambayo mpaka leo naiona kuwa ya busara kuliko nyingi nilizosikia mahakamani nilipokuwa mwandishi wa habari za huko. "Uwanjani, tumia. Ukitoka uwanjani, mkono wa kulia. Na watu wazima utawapea vitu na wa kulia popote, hata uwanjani. Tumeelewana?" Wakaelewana. Mwalimu aliinama karibu paji la uso ligonge meza, akapita mlangoni akiwa bado ameinama, na mama akanitazama kuuliza kama mtu huyo ni mzima.

Tatizo likawa glavu. Anayerusha kwa kushoto huvaa glavu mkono wa kulia, na mfuko mzima wa mwalimu ulikuwa na glavu za wanaorusha kwa kulia. Fundi viatu wa pale stendi ndiye aliyetuokoa. Alichunguza moja siku nzima, akaigeuza ndani nje, kisha akashona nyingine kwa ngozi ya ng'ombe iliyoletwa na mfanyabiashara wa mifugo kutoka Mashuuru. Ilikuwa ngumu kama mlango, na ilipakwa mafuta kila usiku kwa miezi kabla haijakubali kukunjika. Ilinuka zizi. Kijana aliivaa kwa majivuno, na wenzake walipomcheka aliwaambia wajaribu kuupiga mpira wake kwanza. Hawakuweza. Mwalimu akamaliza muda wake akarudi kwao, akaacha mfuko na ahadi kwamba atamtafutia njia. Kijana akamaliza shule, akabeba mawe kwenye mijengo kutwa, na jioni akarusha. Niliwahi kumuuliza kama kweli anaamini mtu atakuja kutoka ng'ambo kumtafuta yeye Kitengela. Akanijibu, "Akikuja anipate kama niko tayari." Alisema hivyo kwa miaka kadhaa, na hakuwahi kusema kwa uchungu.

Hapa niruhusuni nilalamike kidogo. Miaka hiyo hiyo ndiyo Kitengela ilipokatwakatwa. Kila asubuhi palikuwa na vigingi vipya uwandani, kisha waya, kisha ukuta wa mawe wenye vipande vya chupa juu. Pundamilia wakaacha kupita. Besiboli inataka ardhi pana, maana mpira ukipigwa vizuri unakwenda kweli kweli, na ikafika mahali ukipigwa vizuri unaingia kwa mtu. Vijana wakawa wanaomba mipira yao kupitia vishimo vya mageti, na walinzi wanawatukana. Mimi mwenyewe nilinunua ploti na nikazungushia waya kama wengine, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Nasema tu kwamba tulipopima ardhi ile tulikumbuka nyumba, maduka na makanisa, na hatukumwachia kijana mahali pa kurushia mpira. Mwishoni alikuwa akirushia kwenye ukuta wa shule, peke yake, amechora mraba kwa chaki.

Ndiyo maana siku ilipofika, ilifika Kajiado mjini, ambako bado palikuwa na uwanja wenye nafasi. Mwalimu alitimiza ahadi yake. Alirudi na mzee mmoja wa kwao, mwenye nywele nyeupe tupu, aliyekuwa akitafuta warushaji wa timu ya mji mdogo inayolipa wachezaji wake. Vijana kadhaa waliitwa kujaribiwa, na kila mmoja alipewa muda mfupi. Nilikwenda na mama, tukaketi kwenye benchi la mbao. Mama alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Nilimwona akikunja leso mkononi na kuikunjua tena bila kukoma. Alijua, kama nilivyojua, kwamba nafasi ya namna hiyo haiji Kajiado mara mbili.

Zamu ya kijana wetu ilipofika, yule mzee akafanya jambo ambalo hakulifanya kwa wengine. Mwalimu alikuwa amemsifia sana kijana huyu, na mzee alitaka kuusikia mpira wake kwenye kiganja chake mwenyewe. Akavaa glavu, akachuchumaa mahali pa mdakaji, magoti yakilia. Kijana akamtazama. Akasimama pale muda mrefu. Kisha akavua glavu yake ya ngozi ya ng'ombe, akaibana kwapani, akahamisha mpira, na akarusha kwa mkono wa kulia.

Mpira ulidunda mara mbili ukafika miguuni pa mzee. Akarusha wa pili, vilevile. Wa tatu ulikwenda pembeni. Mwalimu alisimama kinywa wazi, akidhani bega limeumia. Vijana wengine wakaanza kucheka, na mmoja akaanza kujinyoosha tayari kwa zamu yake. Mimi nilikuwa naelekea kupiga kelele. Mama ndiye aliyeelewa kwanza. Alifunika uso kwa leso akasema taratibu, "Ni mimi nilimwambia."

Mzee akainuka, akamwendea. Akauliza kitu, na mwalimu akatafsiri: "Anasema aliambiwa wewe ni wa kushoto."

"Ni kweli," kijana akajibu. "Lakini yeye ni mzee. Siwezi kumpea kitu na mkono wa kushoto. Mweke kijana mwingine hapo, nitarusha."

Mwalimu akasita, kisha akatafsiri yote. Mzee alisikiliza hadi mwisho bila kutabasamu. Akashika mkono wake mwenyewe wa kushoto kwa ule wa kulia, akaukandamiza kifuani, akasema maneno machache. Mwalimu akatugeukia, sauti imembadilika. "Anasema naye ni wa kushoto. Mama yake pia alimfunga." Mzee akavua glavu, akampa kijana mmojawapo wa waliokuwa wakicheka, akaenda kusimama nyuma ya mdakaji huyo mpya. Kijana wetu akavaa glavu yake inayonuka zizi. Sitaeleza mirusho ile, kwa sababu sina ufundi wa kuieleza. Nasema tu kwamba aliyewekwa kudaka aliomba kubadilishwa kwa maumivu ya kiganja, na kwamba mama wa sheria zote zile alisimama juu ya benchi na viatu vyake vya kanisani ili aone vizuri.

Alikwenda. Alicheza misimu miwili katika mji ambao hata yeye alichukua muda kuutamka. Hakuwa nyota, na sitamfanya nyota kwa kuwa amekufa. Lakini aliamka asubuhi akaenda uwanjani, akavaa sare yenye namba, akarusha mbele ya watu waliolipa kiingilio, na mwisho wa mwezi akapokea mshahara kama karani, kama askari, kama mimi. Kisha bega likaharibika, wakamtibu, likakataa. Akarudi Kitengela akapata kazi ya kuendesha lori la maji, akaifanya vizuri na bila kununa. Nilimtembelea wiki aliyorudi nikidhani nitamkuta amevunjika moyo. Nilimkuta anakula ugali kwa mkono wa kulia. Akaniambia, "Mzee, nilitaka kulipwa nikirusha. Nililipwa. Sasa niko na deni gani na mtu?" Nilijivunia kumjua siku hiyo, na bado najivunia.

Mazishi yalikuwa kwao magharibi. Nilisafiri na wachache wa Kitengela, na fundi viatu alifunga kibanda chake akaja. Huko hakuna aliyejua besiboli ni nini. Ulipofika wakati wa kusoma wasifu wa marehemu, binamu yake akasimama na karatasi, akasoma kama zinavyosomwa siku zote: kuzaliwa, shule, ubatizo. "Alifanya kazi ya udereva wa lori Kitengela mpaka Mungu alipomwita. Pia aliwahi kutembea ng'ambo, na alipenda michezo." Akageuza ukurasa.

"Simama hapo," mama akasema. Ilikuwa ile sauti ya darasani, na mahema yote matatu yakanyamaza. Alikuwa ameinuka kutoka kwenye kiti chake karibu na jeneza. "Nani ameandika hiyo, ati alipenda michezo?"

"Ni sisi kamati, mama," binamu akasema.

"Udereva ilikuwa kazi yake ya mwisho, na aliifanya vizuri. Lakini kabla ya hiyo, kazi ya mtoto wangu ilikuwa kurusha besiboli. Alijifunza, akaajiriwa, akalipwa. Hakutembea ng'ambo, alienda kazini. Na alirusha na mkono wa kushoto, hiyo pia useme. Haya, rudi mwanzo wa hapo. Soma tena."

Binamu akasoma tena, akiongeza maneno ya mama palepale, na aliposahau mkono mama alimkumbusha. Mchungaji wa kanisa alisubiri. Nimehudhuria mazishi ya mawaziri na maprofesa, na sijawahi kusikia kazi ya mtu ikitajwa kwa heshima kama ilivyotajwa pale. Fundi viatu alilia waziwazi, na mimi sikuwa mbali naye.

Baadaye, watu walipokuwa wakinawa mikono kwa ajili ya chakula, nilimsogelea mama. Kulikuwa na jambo lililokuwa likinikera tangu kwa kinyozi, na mimi nikikerwa siwezi kunyamaza. Nikamwuliza kama kijana aliwahi kuyasikia maneno yale kutoka kwake, au tumeyasikia sisi tu, yeye akiwa amelala ndani ya sanduku. Mama alinitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyeuliza lililokwisha fundishwa.

"Baba, siku alirudi na hilo bega alisimama mlangoni, hataki kuingia. Aliona haya. Nikamwambia, umetoka kazini, mwanangu, ingia ule."

Sasa nawageukia wasomaji, maana nyumba zenu nazijua. Yuko mmoja humo ndani anayerudi jioni akiwa na vumbi la kitu ambacho ninyi mnakiita upuuzi, awe anachora, anaimba au anakimbia, na kila akiingia mnamuuliza ametoka kuzurura wapi. Pengine hatalipwa kamwe, wengi hawalipwi. Hata hivyo, leo akifika mlangoni msimuulize swali hilo. Mwulizeni kazi imekwendaje, kisha mnyamaze mpaka amalize kuwajibu.